Kurasa Zilizobanwa Pini

Bei ya bia ilipopanda mara tatu ndani ya mwaka mmoja, serikali iliingilia kati. Si kwamba ilikuwa na huruma ya pekee kwa wanywaji. Watu walikuwa wameikimbia bia na kuiendea pombe ya magendo, ile inayopikwa vichakani na kuuzwa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, na hospitali ilikuwa imeshapokea wanaume tisa waliolala wanaona wakaamka hawaoni. Basi likabandikwa tangazo kwenye kila baa: glasi ya bia ya pipa, nusu lita, isizidi noti moja ya kijani. Atakayezidisha atafungiwa mwaka mzima. Na ili nusu lita iwe nusu lita kweli, kila glasi ipimwe na ofisi ya vipimo, itiwe alama.

Ofisi ya vipimo ilikuwa na watu watatu: mkuu wa ofisi, dereva asiye na gari, na Mama Mizani.

Jina hilo alipewa na wauza nyama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepita buchani mwao na mfuko wake wa turubai, na kila alipotokeza kona ya barabara, mikono ilikuwa mbiombio kuondoa vile vipande vya mifupa vilivyogandishwa chini ya sahani za mizani. Ndani ya mfuko mlikuwa na mawe ya mizani, kipimo cha shaba cha nusu lita chenye mistari ndani, kitambaa safi, na kalamu ya chuma ya kukwaruzia. Kila mpimaji ana namba yake. Yake ilikuwa saba. Kitu chenye saba ndogo iliyokwaruzwa ukingoni, watu walikiamini bila kukitazama mara mbili. Mama Mizani hakuwa na shamba wala duka, na mume alikuwa ameshazikwa. Alikuwa na hiyo saba.

"Za baa nakupa wewe," mkuu alimwambia. "Nikimtuma dereva atarudi amebebwa."

"Mkuu, unajua mambo yangu na pombe."

"Ndiyo maana. Glasi ni chombo tu, mama. Unapima chombo."

Mkuu alijua, na mtaa mzima ulijua. Miaka minane nyuma mume wake alitoka kwenye baa ya mdogo wake, akatumbukia kwenye mtaro wa kando ya barabara, akafia humo, kwenye maji yasiyofika hata kwenye vifundo vya miguu. Siku ya pili baada ya mazishi Mama Mizani alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia Mungu kwamba mkono wake hautagusa pombe tena: si kuinunua, si kuimimina, si hata kuifuta mezani. Aliporudi kazini alichukua kijitabu cha kanuni za vipimo, akatafuta sehemu iliyoandikwa Vileo. Zilikuwa kurasa nne. Hakuzisoma. Alizikunja pamoja akazibana kwa pini, akaendelea na maziwa, mafuta ya taa na nyama.

Wa kwanza kuja ofisini kuomba glasi zake zipimwe alikuwa mwenye baa hiyohiyo, shemeji yake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, kicheko chake kinatangulia mlangoni kabla hajaingia.

"Shemeji, hata chai hamnywi humu? Ofisi kavu kama ulimi wa mchungaji siku ya tatu ya mfungo!"

"Sema kilichokuleta, shemeji."

"Serikali imesema tupimwe, nimekuja nipimwe. Ila uje wewe mwenyewe. Mwingine simtaki. Nataka mtu ambaye neno lake likisemwa hakuna wa kulipinga."

Mama Mizani alilipokea hilo kama heshima. Shemeji yake hakuwa mtu wa kumsifu mtu bure, na tangu msiba walikuwa wakisalimiana kwa mbali.

Alikwenda asubuhi, baa ikiwa tupu na viti vimepinduliwa juu ya meza. Glasi zilikuwa mpya, sitini na nne, zimepangwa mezani kama watoto wa shule. Nyuma ya kaunta alisimama mhudumu mmoja mrefu ambaye watu walimwita Kaunta, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona nusu yake ya chini.

"Nifungulie pipa, mama?" Kaunta aliuliza.

"Niletee ndoo ya maji."

Alijaza kipimo cha shaba maji hadi mstari wa nusu lita, akayamimina ndani ya glasi. Maji yalifika ukingoni kabisa, hayakupungua, hayakumwagika. Akarudia glasi ya pili, ya tatu, hadi ya sitini na nne, na hakuruka hata moja. Shemeji mtu alikaa pembeni akitingisha mguu, akisifu utulivu wa mkono wake. Kila glasi iliyopita ilikwaruzwa saba. Mwisho alifuta meza, akakusanya vitu vyake, akaondoka. Katika majuma mawili yaliyofuata alizipima baa nyingine kumi kwa namna ileile. Wenye baa walikuwa wameulizana glasi za shemeji zinauzwa wapi, wote wakaenda kununua hukohuko.

Juma la nne mwashi mmoja alikuja ofisini.

Alikuwa mwashi wa siku nyingi, vidole vimepasuka kwa saruji, na mfukoni mwa shati penseli bapa ya kuchorea mbao. Chini ya kwapa alibeba kitu kilichofungwa gazeti. Alisalimia vizuri, akakaa bila kukaribishwa, akafungua gazeti. Ilikuwa glasi tupu. Karibu na ukingo ilikuwa na saba. Chini sana ya ukingo ilikuwa na mstari wa penseli, umenyooka kama tofali.

"Mama Mizani, nimekuja kukuambia kwa heshima. Namba yako imelewa."

Dereva asiye na gari alicheka, akajitia kikohozi.

"Sema vizuri, baba," alisema Mama Mizani.

"Nasema vizuri. Miye nimejenga kuta miaka thelathini, jicho langu halihitaji kamba. Jana nimekaa pale kwa shemeji yako. Nimetoa noti yangu ya kijani, bei ya serikali, sikuongezwa hata senti. Glasi imekuja imejaa. Inapendeza! Nyeupe juu kama kofia ya alhaji. Nikasema nisubiri, nisinywe kwanza. Povu likashuka, likashuka, likashuka. Liliposhuka lote bia ilikuwa hapa." Aliweka kidole kwenye mstari wa penseli. "Nikamwita Kaunta, nikamwambia, ongeza. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Alinigeuzia glasi akanionyesha saba. Akaniambia, nenda kabishane na Mama Mizani, mtu wa Mungu, yeye ndiye aliyepima."

Mama Mizani aliishika ile glasi. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Saba ilikuwa yake, hakukuwa na shaka, na mkia wake aliuvuta kidogo kulia kama kawaida.

"Nilipima kwa maji," alisema.

"Sisi hatunywi maji pale, mama."

Mwashi alipotoka, mkuu alimwita ndani, akafunga mlango. Mezani palikuwa na barua ya malalamiko, imepigwa dole gumba na watu kumi na saba. Wakaguzi kutoka makao makuu walikuwa wanakuja Ijumaa.

"Leo ni Jumatano," mkuu alisema, kana kwamba kalenda haikuwa ukutani. "Mimi sikulaumu. Lakini wakikuta alama ya uongo, utairudisha kalamu. Na mpimaji aliyenyang'anywa kalamu hapewi kazi nyingine humu, unajua. Hata ya kufagia."

"Alama haikuwa ya uongo. Glasi ni nusu lita."

"Basi kawaambie hivyo hao kumi na saba."

Jioni ile, baada ya kufunga kuku na kuchemsha maji ya kuoga, Mama Mizani alikaa kitandani na kijitabu cha kanuni. Pini ilikuwa imeshika kutu. Ilimbidi aing'oe kwa meno ya kitana, na iliacha tundu mbili za rangi ya kahawia kwenye karatasi. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa darasa la pili. Ukurasa wa tatu, mstari wa nane, kanuni ilisema: kinywaji chenye povu kipimwe chenyewe, katika chombo chake cha kuuzia, kikimiminwa kama anavyomiminiwa mnunuzi, na kisomwe povu likishatulia.

Alirudia mara mbili. Hapakuwa na pa kukwepea. Kanuni ilikuwa pale miaka yote, imelala ndani ya mfuko wake, na ni yeye aliyeifunga mdomo.

Kilichomnyima raha zaidi ni jambo jingine, nalo lilimjia akiwa amesimama na kata ya maji mkononi. Shemeji yake alikuwa amesema, uje wewe mwenyewe, mwingine simtaki. Dereva angepima kwa bia, tena angetafuta sababu ya kuipima mara mbili. Mkuu angepima kwa bia. Katika wilaya nzima mtu ambaye asingefungua pipa alikuwa mmoja tu.

Alisali kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba aonyeshwe njia, maana njia ilikuwa imeandikwa kwenye mstari wa nane. Alimweleza tu Mungu kwamba kesho, saa tisa mchana, atavunja ahadi, na sababu ni hii.

Alhamisi saa tisa baa ilikuwa na watu sita, na mwashi miongoni mwao. Redio ilikuwa inatangaza mpira. Mama Mizani aliingia na mfuko wake, akaenda moja kwa moja kaunta, akatandika kitambaa chake, akaweka kipimo cha shaba juu yake.

"Nimiminie glasi moja," alimwambia Kaunta.

Mtu mmoja alipunguza sauti ya redio.

"Ya... maji, mama?"

"Ya bia. Mimina kama unavyomimina siku zote. Usinifanyie upendeleo."

Kaunta alitazama mlango wa nyuma. Mlango ulifunguka na kicheko kikatokeza, halafu shemeji akatokeza, halafu kicheko kikakatika.

"Shemeji! Karibu. Mbona kimya kimya? Kuna nini?"

"Kazi."

"Glasi si umeshapima? Sitini na nne, kwa mkono wako. Kaunta huyu shahidi."

"Nilipima glasi. Sasa napima bia. Mwambie kijana wako amimine."

"Shemeji, wewe?" Alishusha sauti, akasogea karibu, mkono kifuani. "Wewe uguse hii kitu? Na ile ahadi yako? Hapana. Sitakubali niwe sababu ya wewe kukosana na Mungu. Rudi nyumbani. Ijumaa nitaongea na hao wakaguzi mwenyewe."

Mama Mizani alimtazama usoni. Hakuona uovu mkubwa pale. Aliona mtu aliyepiga hesabu, hesabu ikakubali, na sasa haelewi kwa nini imekataa.

"Ndiyo maana uliniita mimi," alisema.

Shemeji aliuondoa mkono kifuani.

"Ulijua sitafungua pipa."

"Bei wameibana juu, shayiri inapanda, usafiri unapanda!" Sasa alikuwa anaongea na baa nzima. "Pipa lenyewe nanunua ghali. Nikizidisha bei nafungiwa. Nisipozidisha nafunga mwenyewe. Nifanyeje? Sijamwibia mtu. Povu nalo linatoka kwenye bia, halitoki mbinguni!"

"Basi ungeuza povu, ukaandika povu," mwashi alisema kutoka kwenye meza yake.

Watu walicheka. Kaunta naye alicheka kidogo, akajirudi.

"Mimina," Mama Mizani alisema tena.

Kaunta alimimina kama alivyofundishwa, glasi imesimama wima, bomba likiwa juu, bia ikidondoka kutoka mbali na kupiga chini kwa kishindo. Povu likapanda hadi ukingoni, likavimba kidogo juu yake. Mama Mizani aliisogeza glasi mbele yake akasubiri. Harufu ilimjia, na ilikuwa ileile, ya shati la mtu aliyekuwa akiingia nyumbani akishikilia fremu ya mlango. Hakugeuza uso. Povu lilichukua dakika tatu kasoro kutulia.

Kisha aliishika glasi, akaimimina bia ndani ya kipimo cha shaba. Tone moja liliteleza juu ya kidole gumba chake. Aliliona, akaliacha. Aliinama akasoma mstari.

"Mililita mia tatu na hamsini."

"Nilisema!" mwashi alipiga meza. "Si nilisema?"

Alipima glasi tano zaidi, maana kanuni ilitaka sita. Hakuna iliyofika mia nne. Aliandika zote, akamwomba Kaunta atie sahihi kama shahidi, na Kaunta akatia bila kumtazama tajiri wake. Halafu Mama Mizani alitoa kalamu ya chuma, akavuta kiti.

"Unafanya nini sasa?" shemeji aliuliza.

"Nafuta alama zangu. Leteni glasi zote."

Zililetwa sitini na mbili, kwani moja ilikuwa imevunjika na nyingine ilikuwa ofisini. Juu ya kila saba alikwaruza msalaba. Sauti yake ilikuwa inakera meno, na wanywaji wawili walihamia nje. Shemeji alikaa mkabala naye. Kwa muda mrefu alitazama tu mikono yake ikienda.

"Bila alama siwezi kuuza," alisema mwishoni.

"Kanunue glasi kubwa zaidi. Nitaweka mstari kwenye nusu lita. Povu likae juu ya mstari, bia ifike kwenye mstari. Hapo utauza, hata povu lako litapata pa kukaa."

"Kwa bei ileile?"

"Bei ni ya serikali. Iko pale ukutani."

Alichukua glasi nyingine. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza saa: "Na marehemu kaka yako? Naye mlikuwa mnampimia povu?"

Shemeji alitazama meza.

"Yeye alikuwa anakunywa bure," alisema. "Wake nilikuwa namimina mwenyewe. Naiinamisha glasi. Hadi juu."

Mama Mizani alimaliza msalaba aliokuwa ameuanza, akapuliza vumbi la kioo, akachukua glasi iliyofuata.

Ijumaa wakaguzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, na walikuwa na haraka ya kuwahi safari. Walisoma ripoti ya kurasa mbili. Ilikuwa na vipimo, sahihi ya Kaunta, na mwisho sentensi moja iliyosema kwamba kosa ni la mpimaji namba saba, ambaye kwa sababu zake mwenyewe hakuwa amesoma kanuni yote. Mkuu alikuwa amemwomba asubuhi aiondoe hiyo sentensi. Alikataa.

"Sababu gani hizo?" mkaguzi mwanamke aliuliza.

Mama Mizani alifungua kijitabu, akamwonyesha tundu mbili za kutu kwenye kurasa za Vileo.

Mkaguzi alizitazama, akamtazama mwenzake. Walitoka nje kidogo wakaongea chini ya paa la bati, wakarudi. Namba saba itafutwa, walisema, kwa sababu kuna baa kumi na moja zenye saba isiyoaminika. Kalamu atabaki nayo. Atapewa namba kumi na mbili, na kwa namba hiyo atarudi kwenye baa zote kumi na moja kupima upya, yeye peke yake, kwa bia, glasi sita kila baa. Mkuu alishusha pumzi kana kwamba aliyeponea chupuchupu ni yeye. Mama Mizani aliuliza jambo moja tu: kama ofisi inaweza kumnunulia kipimo cha pili, kwa sababu hiki kimoja ndicho anachopimia maziwa ya watoto. Walimwambia aandike barua.

Jumapili, baada ya ibada, wanawake wenzake walimngoja kwenye ngazi. Yule anayetunza vitambaa vya madhabahu ndiye aliyeanza.

"Dada, tunasikia mambo. Eti umewaongezea walevi."

"Mililita mia moja na hamsini kila mmoja," Mama Mizani alisema. "Walikuwa wameshazilipia."

"Lakini ni pombe, dada!"

"Ni pombe."

Alijua hesabu yake vizuri kuliko wao: katika mtaa ule sasa watu watakunywa zaidi kwa fedha ileile, na mkono wake ndio uliofanya hivyo, na Mungu ameona vyote viwili, ahadi na mizani. Alikuwa hajapata jibu. Alifunga kitambaa chake kichwani upya, akawaaga kwa adabu, akaenda nyumbani kukisugua kipimo cha shaba kwa majivu, mara ya tatu tangu Alhamisi. Alikinusa. Akakisugua tena.

Jumatatu alianza na baa iliyo jirani na bucha. Mwenye baa alikuwa ameshanunua glasi kubwa, habari zilikwishafika. Glasi ya kwanza ikamiminwa, povu likapanda. Mama Mizani aliiweka juu ya kitambaa, akakunja mikono, akafumba macho. Alikuwa amegundua kwamba dakika tatu kasoro zinatosha sala moja fupi, ikiwa mtu hatarudiarudia maneno.

"Tayari, mama?" mwenye baa aliuliza.

Alifumbua jicho moja.

"Bado linashuka," alisema.